Uzi: Leo miaka 55 tangu setilaiti ya Uhuru iruke Ngomeni. Mwakani angani kuna mambo, tuyafuate pamoja

MwalimuGongoni
Ijumaa 12 Desemba 2025, saa 11:40 jioni

Ndugu zangu wa Malindi, Magarini, Tana na Lamu, masalkheri na heri ya Jamhuri.

Toka asubuhi nimesikiliza hotuba na sijasikia hata mtu mmoja aliyekumbuka kilichotokea hapa kwetu tarehe kama ya leo mwaka 1970. Siku hiyo, kwenye jukwaa la chuma lililosimama baharini mkabala wa Ngomeni, Waitaliano wa Profesa Luigi Broglio waliwasha roketi ya Kimarekani aina ya Scout. Juu yake kulikuwa na setilaiti ya NASA, shirika la anga la Marekani, isiyofika kilo 150. Mama aliyesimamia mradi huo, Marjorie Townsend, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya nchi iliyowapokea na ya siku yenyewe.

Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi moja tu, kupima eksirei zinazotoka kwenye nyota. Eksirei hizo hazifiki chini, hewa inazizuia zote. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wakirusha roketi ndogo za kupanda na kushuka, wanapata dakika chache za kutazama basi. Uhuru ilikaa juu zaidi ya miaka miwili ikijizungusha taratibu, hadi ikachora ramani ya mbingu nzima. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Kimoja ni Cygnus X-1. Uhuru iliona eksirei zake zikipanda na kushuka ndani ya muda usiofika sekunde moja, na kitu kinachobadilika haraka hivyo lazima kiwe kidogo sana. Walipokadiria uzito wake kwa mwendo wa nyota inayozungukana nacho, wakaanza kusema kwa dhati kwamba pale pana shimo jeusi, kitu chenye uvutano mkubwa hata mwanga hautoki. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

Sasa kwa nini nafungua uzi leo. Mwaka unaoingia una safari za angani ambazo wengi wetu hatujawahi kuziona maishani, na sikubali kabisa kwamba watoto wa Magarini wazifuate wakidhani ni habari za watu wengine.

Kubwa kuliko zote ni Artemis II. NASA wamesema itaruka kabla ya Aprili 2026 kwisha, na huenda mapema zaidi, Februari. Watu wanne watapanda chombo kiitwacho Orion, ambacho wenyewe wamekipa jina la Integrity, waende hadi mwezini, wauzunguke kwa nyuma na kurudi. Safari nzima ni kama siku 10. Kamanda ni Reid Wiseman, na wenzake ni Victor Glover, Christina Koch na Jeremy Hansen wa Kanada. Glover atakuwa mtu mweusi wa kwanza kufika huko, Koch mwanamke wa kwanza, Hansen mtu wa kwanza asiye Mmarekani.

Tangu Apollo 17 irudi Desemba 1972, binadamu aliyekwenda mbali zaidi amefika kilomita 1,400 hivi kutoka ardhini. Mwezi uko kilomita 384,000. Miaka 53 hakuna aliyeusogelea.

Karibuni. Maswali yote ruksa, hata yale mnayoona aibu kuuliza.

---

Fundi_Dishi
Ijumaa 12 Desemba, saa 12:05 jioni

Natia kambi hapa. Mwalimu umeanza vizuri, nina la kusema kuhusu Ngomeni lakini ngoja nimalize kazi ya mtu.

---

BintiMambrui
Ijumaa 12 Desemba, saa 1:30 usiku

Shikamoo Mwalimu. Nina maswali mawili. La kwanza, wakifika mwezini kwa nini wasishuke tu? Waliweza mwaka 1969. La pili, kwa nini Waitaliano walikuja hadi Ngomeni? Hiyo bahari ilikuwa na nini?

---

MwalimuGongoni
Ijumaa 12 Desemba, saa 2:15 usiku

Marahaba binti yangu. Maswali mazuri yote.

La kushuka. Orion haikuundwa kutua, inahitaji chombo kingine kikutane nayo huko juu, kibebe watu hadi kwenye udongo na kuwarudisha. Hicho bado kinaundwa na kujaribiwa na kampuni binafsi za Marekani. Na hata kingekuwa tayari, Orion yenyewe haijawahi kubeba mtu. Artemis I ya mwaka 2022 ilikwenda tupu. Kwa hiyo safari hii ni ya kujaribu hewa ya kupumua, maji, choo, mawasiliano na uendeshaji kwa mkono, huku wakiwa bado na njia ya kurudi. Siku ya kwanza watabaki karibu na dunia kukagua kila kitu kabla ya kuwasha injini ya kuwapeleka mwezini. Wakishaondoka, njia waliyopangiwa ni ile ambayo uvutano wa mwezi wenyewe unawageuza kurudi nyumbani, hata injini kubwa isipowashwa tena.

Ila kuna jambo linalonikosesha raha, nitaliandika peke yake kesho.

La Ngomeni. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na kadiri ulivyo karibu na ikweta ndivyo ardhi unayosimama inavyokwenda kasi. Hapa kwetu ni karibu kilomita 1,670 kwa saa. Florida wanaporushia Wamarekani ni kama 1,470. Baikonur wanakorushia Warusi haifiki 1,200. Roketi inayoruka kuelekea mashariki inaanza na kasi hiyo mkononi kabla ya kuchoma hata tone la mafuta. Halafu mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu. Kipande kikianguka hakimwangukii mtu.

La tatu ndilo lililowafaa zaidi watu wa eksirei. Ukirusha kutoka karibu na ikweta, setilaiti inazunguka juu ya ikweta hiyo hiyo na haipiti katikati ya lile eneo la kusini mwa Atlantiki, upande wa Brazili, ambako chembe za mnururisho zinashuka chini na kuvuruga vipimo. Uhuru ilikuwa na anga tulivu kuliko ingerushwa Florida. Ndiyo maana baada yake zikafuata SAS-2 mwaka 1972, Ariel 5 ya Waingereza mwaka 1974 na SAS-3 mwaka 1975, zote za kutazama eksirei na miale ya gama, zote kutoka jukwaa lile lile. Kuanzia 1967 hadi 1988, setilaiti tisa ziliondoka hapa.

---

Mkokoni
Ijumaa 12 Desemba, saa 3:50 usiku

Mwalimu, nakuheshimu, ulimfundisha mdogo wangu. Lakini niseme ukweli wangu. Mimi ni mvuvi, nimezaliwa Ngomeni. Yale majukwaa nayapita kila nikienda kutega. Baba alinihadithia siku za kurusha walivyokuwa wakikatazwa kutoka na vyombo, na moshi na ngurumo iliyotikisa makuti. Sasa niambie, mimi nimepata nini? Zahanati tunajua ilivyo. Chumvi imekula mikoko. Vijana wanapita nje ya uzio wa kituo cha Waitaliano hawajui ndani kunafanywa nini. Na leo unataka tushangilie watu wanaokwenda mwezini kwa mabilioni ya dola?

---

Fundi_Dishi
Jumamosi 13 Desemba, saa 1:20 asubuhi

Mkokoni swali lako ni la haki na nitamwachia Mwalimu sehemu ya mabilioni. Mimi nijibu la ndani ya uzio, maana antena ndiyo kazi yangu.

Kila mtu Malindi amewahi kuona dishi kubwa la neti juu ya dari ya mtu. Limelala kama sinia, linatazama juu kabisa, na mvua ikinyesha linajaa maji mpaka tunalitoboa tundu. Sababu ni kwamba setilaiti za televisheni zinakaa juu ya ikweta, kilomita 35,786, na sisi tuko karibu chini yake. Ukishalifunga na kulikaza, hulisogezi tena.

Antena za Ngomeni kazi yake ni nyingine. Zinafuata setilaiti zilizo chini, kilomita mia tano au mia sita. Hiyo inachomoza magharibi, inapita juu yako na kuzama mashariki ndani ya dakika kama kumi. Antena lazima igeuke nayo hatua kwa hatua bila kukosea, ishushe data yote iliyokusanywa, ipeleke juu amri mpya, kisha ingoje izunguke dunia nzima irudi baada ya saa moja na nusu hivi. Ikikosa mpito mmoja, data inangoja mpito unaofuata.

Na si setilaiti za hivi hivi. Kituo cha Ngomeni ndicho kinachopokea data ya NuSTAR iliyorushwa 2012, ya IXPE iliyorushwa Desemba 2021, na ya Swift ambayo iko juu tangu 2004. Zote ni darubini za eksirei. Mwanafunzi wa Marekani au Japani akiandika kuhusu shimo jeusi kwa kutumia NuSTAR, data yake imeshukia hapa kwanza, upande wa pili wa mashamba ya chumvi.

---

BintiMambrui
Jumamosi 13 Desemba, saa 2:00 asubuhi

Subhanallah. Nimesoma sekondari hapa hapa na sikuwahi kuambiwa hili.

---

MwalimuGongoni
Jumamosi 13 Desemba, saa 4:30 asubuhi

Fundi, ahsante sana. Umeelezea vizuri kuliko kitabu chochote nilicho nacho darasani.

Mkokoni ndugu yangu. Mabilioni ya Artemis ni kodi ya Wamarekani na washirika wao. Shilingi ya Kenya haimo. Na faida ya setilaiti kwako ipo mkononi mwako: ile taarifa ya upepo na mawimbi unayoiangalia kwenye simu kabla ya kutoka, na alama ya mahali uliposema mtego wako upo, zote zinatoka juu. Lakini hilo si jibu la swali lako, maana hayo anayapata na mtu wa Kisumu. Umeuliza Ngomeni imepata nini.

Kwenye karatasi, mkataba wa Kenya na Italia uliotiwa saini mwaka 2016 una makubaliano ya mafunzo na elimu, matumizi ya data za setilaiti, na tiba kwa njia ya mawasiliano. Kenya ikaunda shirika lake la anga mwaka 2017. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa msaada wa Waitaliano na Wajapani, kikapata setilaiti yake ndogo iliyoachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Tarehe 15 Aprili 2023 Taifa-1, setilaiti ya Kenya, ikaruka kutoka California. Hayo ni mema na nayafurahia. Ila mtoto wa Ngomeni anayeziona antena zile kutoka dirishani mwa darasa lake hana namna ya kujua kwamba kuna njia ya kumfikisha kwenye kiti cha ndani. Hapo niko na wewe mia kwa mia.

Sasa lile la Artemis nililosema linanikosesha raha. Artemis I iliporudi mwaka 2022, ngao ya joto iliyo chini ya Orion ilikuwa imemeguka vipande ambavyo havikutarajiwa. Chombo kinachotoka mwezini kinaingia kwenye hewa kwa karibu kilomita 40,000 kwa saa, na ngao ile imetengenezwa iungue polepole ili joto lisifike kwa watu. Uchunguzi ukaonyesha kwamba gesi ilikusanyika ndani ya ngao ikakosa pa kutokea, ikapasua. Ngao ya Artemis II ilikuwa imeshafungwa mahali pake, kwa hiyo wakaamua kubadilisha njia ya kuingia badala ya ngao. Wahandisi wameridhika. Mimi nitapumua siku Orion itakapoelea Pasifiki, si siku itakayoruka.

---

NahodhaAmu
Jumamosi 13 Desemba, saa 3:15 usiku

Asalaam aleikum wana. Mimi si mtu wa kuandika, mjukuu ndiye aniandikiaye kwenye simu hii. Kitu kimoya nataka kuuliza. Yana baada ya magharibi nilikuwa pwani ya Shela. Nikaona nyota ikitoka upande wa kusini-magharibi, kubwa, nyeupe, haimetimeti, haina taa ya ndege wala sauti. Ikapita yuu yangu ikaelekea kaskazini-mashariki, halafu ikazimika kabla ya kufika chini. Nimeendesha majahazi tangu ujana, nyota nazijua. Kilimia nakijua, nyota ya jaa tukivuka Kismayu kwenda Arabuni naijua inapochomoza. Hii si mojawapo. Wengine hapa wasema ni ile stesheni ya watu. Ni kweli?

---

MwalimuGongoni
Jumamosi 13 Desemba, saa 3:40 usiku

Waaleikum salaam Ami Nahodha, karibu sana.

Kwa namna ulivyoieleza, inalingana kabisa na kituo cha kimataifa cha anga. Kiko yuu kilomita kama 400, kinakwenda kasi ya kilomita 28,000 kwa saa na kuizunguka dunia kila baada ya dakika 90 na kitu. Hakina taa ya kutuangazia. Tunaona jua likigonga mabawa yake ya umeme. Ndiyo maana kinaonekana baada ya magharibi au kabla ya alfajiri tu, wakati sisi tuko gizani na chenyewe bado kiko juani. Kilipozimika kabla ya kufika chini, kilikuwa kimeingia kwenye kivuli cha dunia.

Ndani wamo watu, Ami. Tarehe 2 Novemba mwaka huu kimetimiza miaka 25 bila kuwa kitupu hata siku moja. Mwezi wa Februari unapangwa ujumbe mwingine wa wanne, akiwemo Sophie Adenot wa Ufaransa. Mpango ni kukitumia hadi mwaka 2030, kisha kisukumwe kwa makusudi kianguke baharini mbali na watu. Kwa hiyo watazameni sasa, Lamu nyinyi mna giza zuri ambalo sisi wa Malindi tumeshalipoteza kwa taa za mahoteli.

---

BintiMambrui
Jumapili 14 Desemba, saa 4:10 asubuhi

Ami Nahodha shikamoo. Mwalimu, usiku kucha nimekuwa nikisoma. Nilidhani anga ni Marekani na Urusi tu.

India wana mpango wao wa Gaganyaan. Wanataka kupeleka watu wao kwa roketi yao kutoka Sriharikota, na kwanza watatuma roboti kwa umbo la mwanamke, Vyommitra, ipande bila mtu. Mmoja wa marubani wao, Shubhanshu Shukla, tayari alikwenda kituo cha kimataifa mwezi Juni mwaka huu.

Wachina wana kituo chao, Tiangong, na wanasema watatua mwezini kabla ya 2030. Wamekubaliana pia kumfundisha mwanaanga wa Pakistan. Lakini kilichonishika ni cha mwezi uliopita. Wanaanga watatu wa Shenzhou-20 walikuwa tayari kurudi, chombo chao kikaonekana kina ufa kwenye dirisha, inadhaniwa ni kipande kidogo cha taka za angani. Wakarudishwa tarehe 14 Novemba kwa chombo cha wenzao waliokuja kuwapokea, na hao waliobaki wakawa hawana chombo salama cha kurudia mpaka Shenzhou-22 ilipotumwa tupu siku 11 baadaye. Na tarehe 27 Novemba, Warusi waliporusha Soyuz kutoka Baikonur watu wakafika salama, lakini jukwaa la matengenezo chini ya kiwanja likaanguka, na ndicho kiwanja pekee wanachotumia kurushia watu.

Yote hayo mwezi mmoja! Mwalimu, je, hawa watu wa nchi tofauti wanaweza kuokoana?

---

MwalimuGongoni
Jumapili 14 Desemba, saa 6:00 mchana

Umeuliza swali ambalo wakubwa wao wanaliuliza. Kituo cha kimataifa kinapokea vyombo vya Marekani na Urusi, kwa hiyo Mrusi anaweza kupanda chombo cha Mmarekani na kinyume chake, na wanafanya hivyo kila safari. Tiangong iko peke yake. Chombo cha Marekani hakina mpango wa kufunga gati pale. Mkataba wa mwaka 1968 wa kuokoa wanaanga unazibana nchi zilizouridhia kusaidiana, ila sheria haiunganishi milango isiyolingana. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la kwanza wangelimaliza kabla ya kushindana nani atatua kwanza.

Na kuokoa kuna kimoja kinachotuhusu sisi moja kwa moja. Fundi aliitaja Swift. Kazi yake ni kungoja milipuko ya miale ya gama, pale nyota kubwa inapokufa au nyota mbili za nyutroni, yaani mabaki mazito ya nyota zilizokufa, zinapogongana. Mlipuko mwingine unakwisha ndani ya sekunde. Swift ikiuhisi, inajigeuza yenyewe bila kungoja amri, na ndani ya dakika moja au mbili darubini yake ya eksirei inatazama pale pale. Vioo vya darubini hiyo vimetoka Italia. Data yake inashuka Ngomeni tangu 2004.

Sasa Swift inaanguka. Haina injini ya kujisukuma. Jua limekuwa na miaka ya hasira, hewa ya juu kabisa ikapata joto na kutanuka, na hewa hiyo nyembamba inaikokota chini kila mzunguko. Ilianza kilomita 600, sasa imefikia kama 400. Ikiachwa hivi itaungua.

Mwezi Septemba NASA wakaipa kampuni changa ya Arizona, Katalyst, dola milioni 30 itengeneze chombo cha kuipandia, kuishika na kuisukuma juu. Haijawahi kufanywa na chombo cha kampuni binafsi kwa setilaiti ya serikali ya Marekani ambayo haikuundwa kushikwa. Hakuna kipete, hakuna gati, wanatafuta pa kukamata kwenye mwili wake. Wamepanga kurusha Juni 2026 kwa roketi ya Pegasus, ile inayobebwa na ndege na kuachiwa hewani, kutoka visiwa vya Marshall, ili wafikie obiti ya Swift iliyo karibu na ikweta.

Artemis nitaiangalia usiku kucha, lakini hii ya Swift naiombea dua. Nataka ile antena iendelee kuisikia.

---

Fundi_Dishi
Jumapili 14 Desemba, saa 6:25 mchana

Amin. Na ongeza SMILE, setilaiti ya Ulaya na Uchina pamoja. Inapangwa majira ya Aprili na Mei 2026, itapanda roketi ya Vega-C kutoka Kourou, Guyana ya Wafaransa. Kazi yake ni kupiga picha za eksirei za pale upepo wa jua, yaani chembe zinazomiminika kutoka kwenye jua, unapogongana na ngao ya sumaku ya dunia. Vega ni roketi ya Waitaliano hao hao. Walihamia Kourou, nyuzi 5 kaskazini mwa ikweta.

---

Mkokoni
Jumapili 14 Desemba, saa 8:00 mchana

Kwa nini wasirudi kurushia hapa? Ikweta haijahama.

---

Fundi_Dishi
Jumapili 14 Desemba, saa 8:30 mchana

Roketi ya Scout iliachwa kutumika mwaka 1994, na jukwaa lile lilijengwa kwa ajili yake. Chuma kimekaa kwenye maji ya chumvi tangu miaka ya sitini, wewe unaliona kila siku, unajua hali yake. Ukitaka kurusha leo utajenga upya: gati, barabara, matangi ya mafuta baridi, kila kitu. Mimi ningependa, lakini kabla ya kiwanja ningetaka wahandisi wetu wawe wengi.

---

UstadhaLangoni
Jumatatu 15 Desemba, saa 5:20 asubuhi

Asalaam aleikum. Nimefuata uzi huu tangu Ijumaa, nimewasomea hata wanafunzi wangu wa madrasa hapa Amu. Mwalimu, sisi tunataka kujua habari za kupatwa kwa mwezi na jua. Tarehe 7 Septemba mwezi ulipatwa wote, tukaswali swala yake msikitini, watoto walifurahi kuuona ukigeuka mwekundu. Ujao ni lini, ili tujiandae mapema?

---

MwalimuGongoni
Jumatatu 15 Desemba, saa 10:45 jioni

Waaleikum salaam Ustadha. Nimefurahi sana kwamba watoto waliuona ule wa Septemba, ulikuwa mzuri kuanzia saa mbili na nusu usiku.

Ule wa tarehe 3 Machi 2026 sisi hatutauona, ni wa upande wa Pasifiki. Tutakaoupata ni wa alfajiri ya Ijumaa tarehe 28 Agosti 2026. Kivuli kitaanza kuuma mwezi kama saa 11:34 alfajiri, na mwezi unazama kwetu mnamo saa 12 na dakika 20 hivi, kwa hiyo tutauona ukizama huku umeumwa. Kilele chake, ambapo sehemu kubwa sana ya mwezi inafunikwa, kitatupita umeshazama. Inabidi muwe mahali penye upeo wazi wa magharibi. Kwa Amu hiyo ni kazi kidogo maana bara iko upande huo, labda mpande kwenye dari za juu.

Jua: tarehe 12 Agosti 2026 linapatwa lote Greenland, Iceland na Uhispania. Sisi hatumo.

Lakini Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027, andikeni mahali. Kivuli kitapita Uhispania, Moroko, Algeria, Tunisia, Libya, Misri, kivuke Bahari ya Shamu hadi Saudia na Yemen, kisha pembe ya Somalia. Karibu na Luxor giza litadumu dakika 6 na sekunde 23, muda mrefu sana kwa tukio kama hilo. Huku kwetu mchana huo jua litapatwa kwa sehemu, Lamu wataona limeumwa zaidi kidogo kuliko Malindi.

Na hapa naomba Ustadha unisaidie kulisema kwa nguvu: hakuna kulitazama jua kwa macho, hata likibaki kipande. Miwani ya kawaida ya jua haifai, filamu ya eksirei ya hospitali haifai, kutazama kwenye beseni la maji haifai. Jicho linaungua bila kuuma, mtoto hajui mpaka ameshadhurika. Ama miwani maalumu ya kupatwa kwa jua yenye alama ya ISO 12312-2, ama mtoboe tundu dogo kwenye karatasi ngumu, mgeuzie jua mgongo, na mtazame picha yake ikidondoka kwenye karatasi nyingine. Chini ya mwembe mtaona vijipicha vyake mia moja mchangani kupitia matundu ya majani, bila kununua chochote.

---

NahodhaAmu
Jumatatu 15 Desemba, saa 2:00 usiku

Ustadha, dari yangu ni refu, waleteni wana. Na yule mjukuu wangu ameniweka kengele ya simu kwa ile stesheni. Leo tumeiona tena.

---

BintiMambrui
Jumanne 16 Desemba, saa 3:00 usiku

Mwalimu, Artemis ikiruka tutaionaje? Na saa ngapi kwetu?

---

MwalimuGongoni
Jumanne 16 Desemba, saa 3:35 usiku

NASA wanaonyesha moja kwa moja kwenye YouTube, bure. Florida iko nyuma yetu kwa saa 8 msimu huu. Ikifika tarehe 8 Machi wanasogeza saa zao na tofauti inakuwa 7. Kwa hiyo wakirusha usiku wao, kwetu ni alfajiri au asubuhi. Wakiahirisha msivunjike moyo, kuahirisha ni kawaida na mara nyingi ndiko kunakookoa watu. Nikijua saa yenyewe nitaiweka hapa.

---

Mkokoni
Jumatano 17 Desemba, saa 12:40 asubuhi

Nimetoka baharini sasa hivi. Nimepita karibu na lile jukwaa nikalitazama vingine leo, nakwambia ukweli.

Mwalimu, nina wazo. Tuandike barua. Wazazi wa Ngomeni na Gongoni tutie saini, tuombe watoto wa kidato cha tatu waingizwe siku moja wakati setilaiti inapita, waione antena ikigeuka na waambiwe inasikia nini. Hatuombi pesa. Na tuulize wazi nafasi za mafunzo zinatangazwa wapi, ili zikitangazwa zibandikwe pia kwenye ubao wa chifu na banda la wavuvi, si Nairobi peke yake. Mimi kuandika siwezi vizuri, lakini saini nitakuletea za banda zima.

---

MwalimuGongoni
Jumatano 17 Desemba, saa 1:15 asubuhi

Mkokoni, tuifanye. Jumamosi niko Gongoni sokoni kuanzia saa nne asubuhi, pale penye duka la madaftari. Fundi njoo nawe utusaidie sehemu ya antena ili tuombe kitu kinachowezekana, na Binti aje aandike, hati yake nzuri kuliko yangu. Ningependa barua ifike kabla shule hazijafunguliwa Januari, na tuombe siku iwe kabla ya Juni, wakati Swift bado inapita na wale wa Arizona hawajaifuata.